Nani Alimfundisha Mchoraji wa Bango?

Wengi huenda Kenyatta Market, Nairobi, kwa mambo mawili, nyama choma na nywele. Kabla hujafika kibandani wasusi wameshakuzingira: "Dada, karibu, tukusuke!" Ukikubali, watu watatu au wanne hukushika kichwa kwa pamoja. Anayejifunza kazi huanza kwa kuwagawia wenzake nywele, kisha hupewa kisogo, mahali usipoweza kupaona mwenyewe. Hakuna anayeita hiyo shule, lakini ni shule.

Wachoraji wa mabango ya saluni nao wamepita njia hiyo. Picha ya gazetini hupigwa miraba kwa penseli, ubao ukapigwa miraba mikubwa zaidi, uso ukahamishwa mraba baada ya mraba, ndipo rangi ya mafuta ikafuata. Ukibahatika kuliona bango la namna hiyo katikati ya haya ya kuchapishwa, lisogelee. Nywele zimechorwa moja moja, unaweza kuzihesabu. Mikono je? Mara nyingi haipo. Mwili umeishia mabegani. Mkono ni mgumu kuchora, na mteja hakuuomba. Darasani mwanafunzi angeuchora apende asipende, mwalimu akaufuta, naye akaanza upya. Mimi naona hapo ndipo karo inapokwenda. Cheti sikitii maanani sana.

Elimo Njau, msomi wa Makerere aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, alihubiri kwamba msanii asiige. Namheshimu, ila ni rahisi kukataza kuiga ukishakaa darasani. Kijana wa mtaani asipoiga, aanzie wapi? Joseph Bertiers alianza kwa kuchora mabango ya biashara, na picha zake za kuwakejeli wanasiasa zikaja kuonyeshwa hadi Marekani. Kuiga kulimfikisha mlangoni. Ucheshi ni wake mwenyewe.

Hata hivyo, huyu "aliyejifundisha mwenyewe" tunayemsifu magazetini ni nadra kuliko tunavyodai. Jak Katarikawe, Mganda aliyeishi na kuchora Nairobi hadi alipofariki mwaka 2018, hakusomea sanaa chuoni. Lakini alimpata Sam Ntiro, mchoraji aliyepitia Makerere na chuo cha sanaa cha Slade, London, naye akamshika mkono. Bila jicho la mtu kama huyo, kipaji hurudia kosa lile lile miaka kumi na kuliita mtindo.

Basi mzazi mwenye mtoto anayejaza daftari la hesabu kwa michoro, kama karo ya chuo haipo, usimwachie simu peke yake imfundishe. Kuona, kituo cha wasanii kilichoanzia Makumbusho ya Taifa mwaka 1995 na baadaye kikahamia Likoni Close, Hurlingham, hakiko mbali na Kenyatta Market. Mpeleke akawatazame wasanii wakiwa kazini, na amwombe mmoja wao amkosoe.