Mugeni, udongo na sheria

Mwalimu mumoja wa dini, mwenye kufundisha kando ya barabara ya Butembo na Beni, alituuliza hivi: «Padri, familia zenye kutoka Masisi na Rutshuru zinapita hapa kwenda Boga na Tchabi, katika Ituri. Vijana wetu wanataka kuwashusha katika magari. Niseme nini?» Tunajibu hapa, kwa sababu swali hili linatugusa sisi sote wenye kuchunga watu.

Kwanza tusikilize wazee. Wao wanasema: udongo si kitu cha soko tu, ni makaburi ya mababu na chakula cha wajukuu. Hakuna mutu wa kukaa juu ya mulima pasipo kujulikana na mwenye mulima. Ndiyo maana ya mbuzi wa muhako: kwa mbuzi yule mugeni anamuheshimu mukubwa wa pale, na mukubwa anamuhesabu kuwa mutu wake. Wengine wanacheka mawazo haya kuwa ni ya zamani. Sisi hatucheki. Tangu Oktoba 2014 watu wengi sana wameuawa kuzunguka Beni, na kundi la ADF, lililozaliwa Uganda, limetajwa kuliko mengine. Mwenye kuzika watoto wake ana haki ya kuuliza nani anaingia kijijini.

Lakini kuuliza ni kitu kimoja, na kuhukumu kwa uso au kwa luga ni kingine. Jina «Wanyarwanda» linafunika watu wa namna nyingi. Watu wa Bwisha, katika Rutshuru, walikuwa pale mbele ya mupaka uliopatanwa na Wazungu mwaka 1910. Wengine waliletwa Masisi na serikali ya Wabeleji, kati ya 1937 na 1955. Wengine walikimbia vita, mwaka 1959 ao 1994. Sheria nazo zilibadilika: ile ya 1972 iliwapa uraia wale walioingia Kivu kutoka Ruanda-Urundi mbele ya 1950, ile ya 1981 ikauondoa tena. Leo tuna sheria ya 12 Novemba 2004 na Katiba ya 2006: mutu wa kabila lililokuwa na watu na udongo katika Kongo wakati wa uhuru ni mwana-Kongo. Na Katiba inampa kila mutu aliye katika inchi ruhusa ya kutembea na kukaa, kwa kufuata sheria.

Tena, kwa nini wanahama? Wengine wanafukuzwa na vita. Wengine wana shamba dogo, limefungwa kati ya malisho ya ngombe za matajiri. Wanaliuza, na kwa franka zile wanapata shamba kubwa zaidi katika Ituri. Je, neno hili ni geni kwetu? Wazazi wetu walishuka kutoka milima ya baridi ya Lubero, yenye kujaa watu, kwenda Beni, Oicha na Mambasa. Watoto wao wana maduka Bunia na Kisangani, na wengine wanafuata bidhaa mpaka Dubai. Ndugu zetu Wakonzo wanakaa ngambo ya Ruwenzori. Kama mutoto wetu akitoka kwa jembe na kufika dukani, tunamusifu. Basi tusimuite mwizi mutoto wa mwengine kwa sababu naye anatafuta kupanda.

Eklezia inafundisha nini? Pio XII aliandika Exsul Familia mwaka 1952, na Yoane XXIII katika Pacem in terris, mwaka 1963, alitaja haki ya mutu ya kuhama. Lakini Katekismu ya 1992, namba 2241, inaweka mizigo miwili juu ya mizani: wenyeji wapokee mugeni kwa kadiri wanavyoweza, na wakubwa wana ruhusa ya kuweka masharti, mugeni naye aheshimu mali ya roho na sheria za inchi inayomupokea.

Mufano mwema ni Abrahamu. Sara alipokufa, hakuchukua udongo kwa nguvu wala kwa siri. Alijiita mugeni, akainama mbele ya Wahiti, akamulipa Efroni shekeli 400 za feza mulangoni pa muji, watu wote wakiona. Na Wahiti hawakumufukuza.

Basi, mwalimu, sema hivi. Kwa mugeni: pita mulangoni, jionyeshe kwa chefu na kwa serikali, nunua mbele ya washahidi, usilete silaha. Kwa vijana: mukiwa na mashaka juu ya mutu, mupelekeni neno kwa wenye amri; musimuguse. Kumbukeni mwaka 2016: mwezi wa kwanza waliuawa Wanande kule Miriki, na mwezi wa kumi na moja Wahutu kule Luhanga. Kila upande ulisema unalinda watu wake, na watoto wakafa pande zote mbili.

Wazee wana haki: nyumba bila mulango si nyumba. Lakini mulango umefanywa kwa kufunga na kwa kufungua, na ufunguo wake ni sheria, si panga.