Diski Inaposema Imeandika

Tuseme ofisi moja ya Nyamianda, mjini Uvira, inataka seva ndogo ya kuhifadhia kumbukumbu zake: rejista za wagonjwa, nakala za hati za viwanja, hesabu za mwaka. Muuzaji ana diski mbili za ujazo sawa, na kila boksi limeandikwa kasi kwa megabaiti kwa sekunde. Namba hiyo inamwambia mnunuzi machache mno.

Kwanza tueleze nini kinapimwa. Kupima diski ghafi ni kuipima diski yenyewe, bila mfumo wa faili juu yake na bila kumbukumbu ya muda ya kompyuta kuingilia kati. Mfumo wa uendeshaji wa Linux huweka data iliyosomwa au kuandikwa karibuni kwenye kumbukumbu hiyo ya muda. Kwa hiyo anayenakili faili ya gigabaiti 2 kwenye mashine yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu huenda anapima kumbukumbu tu, akidhani anapima diski. Programu ya kupimia iitwayo fio, iliyotungwa na Jens Axboe, inaweza kuagizwa kuipita kumbukumbu hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye diski. Tahadhari: jaribio la kuandika kwenye diski ghafi hufuta kila kilichomo.

Pili, namna ya kusoma. Chukua diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, kwa hiyo kichwa cha kusomea husubiri wastani wa milisekunde 4 mpaka data ipite chini yake. Ongeza kama milisekunde 8 za kichwa kusogea kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Jumla ni milisekunde 12, ambazo ni sawa na maombi 80 hivi kwa sekunde. Kila ombi likiwa la kilobaiti 4, diski hutoa kilobaiti 320 kwa sekunde. Diski hiyo hiyo, ikisoma faili kubwa kwa mfululizo, inaweza kufikisha megabaiti 200. Namba ya kwenye boksi ni hii ya pili. Rejista ya wagonjwa, inayotafutwa jina moja hapa na jina jingine kule, hukutana na ile ya kwanza.

Tena kasi ya mfululizo ina ukomo nje ya diski. Waya wa mtandao wa gigabiti 1 haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde.

Muda wa jaribio nao una uzito. Diski nyingi zisizozunguka huandika upesi mwanzoni, kwenye sehemu ndogo ya haraka, kisha hupungua sehemu hiyo ikijaa. Hata zinazozunguka zina siri zao: mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo, zilipanga mistari ikipandana kama vigae, mpango unaopunguza sana kasi uandikaji unapoendelea kwa muda mrefu. Jaribio la nusu dakika halioni haya, ila la saa kadhaa huyaona.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo Uvira haiwezi kuliruka. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unaotoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi, hukatika. Diski ina kumbukumbu yake ndogo ya ndani, na huweza kujibu “nimeandika” wakati data bado imo humo. Umeme ukikatika hapo, data imepotea na programu haina habari. Ndiyo maana programu za hifadhidata hutoa amri ya kumimina: kila kilichomo kishuke kwenye hifadhi ya kudumu kabla ya kujibu.

Kipimo chenye amri hiyo baada ya kila andiko kina faida ya pekee, kwa kuwa kinaweza kuhakikiwa kwa hesabu. Sahani inayozunguka mara 120 kwa sekunde kwa kawaida haiwezi kuthibitisha zaidi ya maandiko 120 kwa sekunde, kwa sababu kila andiko lazima lisubiri sahani irudi. Ikionyesha 3,000, kuna kitu njiani kinachojibu kabla ya wakati. Diski isiyozunguka yenye kapasita za kuilinda umeme ukikatika inaweza kufikisha maelfu kihalali, maana ina nguvu ya kumalizia kazi. Diski nyingine zisizozunguka zihakikiwe hivi: mashine ya pili iorodheshe kila andiko lililothibitishwa, waya wa umeme uchomolewe katikati, kisha orodha ilinganishwe na kilichobaki kwenye diski.

Kwa hiyo mnunuzi wetu wa Nyamianda aweke kando megabaiti za kwenye boksi. Aulize maandiko mangapi kwa sekunde baada ya amri ya kumimina, na lile andiko la polepole kuliko yote lilichukua muda gani. Baina ya diski yenye kapasita na nyingine yenye kasi maradufu isiyo nazo, mimi ningechukua ya kwanza, hata kama ujazo wake ungekuwa nusu.