Je, Wajua? Mayai Yaliyoshtakiwa Mahakamani

Je, wajua kwamba serikali ya Marekani iliwahi kuyashtaki mayai? Si mwenye mayai, msomaji wangu, mayai yenyewe! Sheria ya chakula na dawa aliyoitia saini Rais Theodore Roosevelt tarehe 30 Juni 1906 iliruhusu chakula kilichochakachuliwa kikamatwe na kufunguliwa kesi kwa jina lake.

Makopo 50 ya mayai yalisafirishwa kutoka St. Louis hadi Peoria, Illinois, yametiwa asidi ya boriki yasioze. Wenyewe wakajitetea: haya si ya kuuza, ni ya kuokea tu, tena yameshafika! Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ikawakatalia katakata: mzigo haramu hukamatwa popote ulipo.

Unakijua kinywaji hiki? Mwaka 1909 ilikamatwa shehena ya shira ya Coca-Cola iliyotoka Atlanta kwenda Chattanooga. Kesi ikaitwa, shika kiti, “Marekani dhidi ya Mapipa 40 na Vipipa 20 vya Coca-Cola”! Ugomvi ulikuwa kafeini. Kampuni ilishinda mwanzoni, lakini mwaka 1916 Mahakama ya Juu ikaifufua kesi, na mwishowe kampuni ikakubali kupunguza kafeini.

Na mzigo ukishindwa kesi? Huteketezwa, au huuzwa na fedha kuingia hazina.

Magunia 625 ya unga uliopaushwa kwa gesi yalikuwa na bahati. Mwaka 1914 majaji walisema haitoshi kuonyesha kwamba kemikali imo. Serikali ithibitishe kwamba yaweza kudhuru.

Nyuma ya sheria hii alikuwepo mkemia Harvey Wiley. Kuanzia 1902 aliwalisha vijana 12 chakula kilichotiwa boraksi, kusudi aone miili yao itafanyaje. Walijitolea wenyewe! Watu wakawabatiza Kikosi cha Sumu.

Sasa sikia hili, maana linauma. Mwaka 1937 dawa ya maji iitwayo Elixir Sulfanilamide iliua watu zaidi ya 100 nchini humo, wakiwemo watoto. Sheria haikukataza kuuza dawa yenye sumu! Maofisa waliikamata kwa kosa la jina tu: “elixir” ilipaswa kuwa na kileo, na hii haikuwa nacho. Wakaisaka duka kwa duka, nyumba kwa nyumba, wakaipata karibu yote: galoni 234 kati ya 240. Mwaka uliofuata, sheria mpya ikapitishwa.