Kura ya chama cha tatu inafika kwa meya?

Wengi hapa chuoni wanadhani meya wanamchagua wenyewe. Jamani, Shinyanga unamchagua diwani wa kata yako. Meya anachaguliwa na baraza la madiwani. Kwa hiyo kura ya chama cha tatu isiyoleta ushindi wa kata inaishia kituoni. Lakini chama hicho kikipata hata kata moja, na vyama vikubwa vikalingana barazani, diwani wake ndiye anayeamua meya. Na kura moja si mchezo: mwaka 2010 Stephen Masele wa CCM alimshinda Philipo Shelembi wa CHADEMA ubunge wa Shinyanga Mjini kwa kura moja tu. Mimi chama kidogo nitakipigia pale chenye mgombea anayeweza kuichukua kata. Wewe kata yako ikoje?