Kikapu na Neno "Kulipwa"

Vijana wa Diani na Msambweni husema "basketi". Mimi nashikilia "mpira wa kikapu", na si kwa ukaidi wa kitaaluma. Mwaka 1891, huko Springfield, Marekani, James Naismith alitundika vikapu halisi vya matunda, vyenye vitako, hata ikabidi kupanda ngazi kuutoa mpira. Wasukaji wetu wa ukindu hawangehitaji tafsiri.

Neno linalonitatiza ni "kulipwa". Wamarekani walianzisha ligi ya kulipwa mwaka 1946, ikaitwa NBA tangu 1949. Mchezaji alilipwa kwa kucheza, basi. Kwetu Kenya timu kubwa zimebeba majina ya waajiri: bandari, benki, jeshi. Askari afungaye vikapu si mchezaji wa ridhaa hasa, wala si wa kulipwa. Tumuiteje?

Ligi ya Afrika, BAL, ilianza Kigali Mei 2021 kwa timu 12, Zamalek ya Misri ikatwaa kombe. Kenya ilisubiri hadi 2025 kuwakilishwa, na Nairobi City Thunder, klabu ya jiji kuu. Mzazi wa Ukunda akimwuliza mwanawe atakula nini kikapuni humo, kijana hana hata jina la kazi la kumjibu.