Kumtambua Mama kwa Watoto: Awamu Iliyotoweka katika Aloi za Titani

Tarehe 30 Septemba 2017, ndege aina ya Airbus A380 ya Air France, iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Los Angeles na watu 521, ilipasukiwa na injini moja kati ya nne ilipokuwa juu ya Greenland. Ilitua salama Goose Bay, nchini Kanada. Mwaka 2019 kipande cha kitovu cha pangaboi la injini hiyo kilifukuliwa barafuni, na mwaka 2020 wachunguzi wa Ufaransa wakaeleza kwamba ufa ulianzia ndani ya metali, mahali ambapo fuwele nyingi jirani zilielekea upande mmoja. Metali yenyewe ni aloi ya titani yenye takriban asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi. Je, mpangilio wa namna hiyo hutoka wapi? Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya kulichunguza swali hilo.

Titani ina awamu mbili za fuwele. Katika joto la kawaida atomi zake hupangika kwa umbo la pembesita, nayo awamu hiyo huitwa alfa. Ikipashwa moto kupita 882 °C kwa titani safi, au karibu 995 °C kwa aloi iliyotajwa, hugeuka beta, ambayo mpangilio wake ni wa mchemraba. Ufuaji wa vipande vikubwa huanzia aghalabu katika beta. Metali ikipoa, karibu beta yote hugeuka alfa. Kwa hiyo mtafiti huwaona watoto tu, mama amekwisha kutoweka.

Hata hivyo, mageuzi hayo hayafanyiki ovyo. Mwaka 1934 W. G. Burgers, akichunguza zirkoni, metali iliyo jamaa ya titani, alionyesha kwamba bapa maalumu la atomi katika alfa hulala sambamba na bapa maalumu katika beta, na vivyo hivyo mistari ya atomi iliyomo katika mabapa hayo. Mchemraba una mabapa 6 ya aina hiyo, na kila bapa lina mistari 2 ifaayo; hivyo punje moja ya beta yaweza kuzaa alfa za mielekeo 12. Kinyume chake, kila alfa yaweza kudai wazazi 6.

Hapa ndipo ulinganishi unapohitajika. Mwanaisimu hapati umbo la kale la Kibantu kwa neno moja tu, bali kwa kuweka pamoja *mbuzi* ya Kiswahili, *mbuji* ya Kiluba na *mbushi* ya Kibemba. Titani nayo huchunguzwa vivyo hivyo. Kipande hung'arishwa, kisha hupigwa miale ya elektroni ndani ya darubini; elektroni zinazorudi huchora mistari ambayo kompyuta huisoma na kutambua mwelekeo wa fuwele katika kila nukta. Mwaka 1995 M. Humbert na wenzake wa Metz, Ufaransa, walieleza hesabu ya kumpata mzazi: kila alfa huorodheshewa wazazi wake 6, kisha orodha za alfa jirani hulinganishwa. Mzazi aliyemo katika orodha zote ndiye mama.

Njia hii ina mipaka yake. Watoto wakiwa wachache mno, au wote wakiwa na mwelekeo mmoja, wazazi zaidi ya mmoja hufaa. Alfa ambayo haikupata kugeuka beta haina mama wa kumtaja, na ni lazima iondolewe kwanza. Aidha, jibu huhusu beta ya mwisho tu, si zile zilizoitangulia.

Pamoja na hayo, ramani ya beta humwonyesha mhandisi kama kundi la alfa zenye mwelekeo mmoja lilizaliwa na punje moja kubwa ya beta au na punje kadhaa zilizokaribiana mwelekeo. Kwa kujua hilo, aweza kuamua ni hatua ipi ya upashaji moto au ufuaji irekebishwe, kabla kitovu kingine hakijafungwa katika injini ya ndege.