Jiko Banifu la Kuni: Joto la Usiku Bila Moshi Nyumbani

Katika miezi ya Juni na Julai, usiku wa nyanda za kati huwa na baridi na upepo mkavu. Baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga milango. Tendo hilo ni la hatari kubwa: mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humlegeza aliyelala asiweze kuamka tena. Makala haya yanaeleza ujenzi wa jiko la kuni lenye bomba, linalopika chakula cha jioni na kuhifadhi joto kwa ajili ya usiku.

Kanuni za jiko hili zilibuniwa na Larry Winiarski wa Marekani katika miaka ya 1980. Msingi wake ni kwamba moshi ni sehemu ya kuni iliyokosa joto la kutosha kuungua. Kwenye mafiga matatu, upepo hupoza moto na moshi hutawanyika. Jiko banifu huufungia moto katika chumba chembamba chenye umbo la herufi L, ambamo moshi huungua kabla ya kufika kwenye sufuria.

Kosa la kawaida ni kuuzungushia moto udongo mzito. Udongo huo hunyonya joto, moto ukapoa na moshi ukaongezeka. Kuta zinazogusa moto ziwe nyepesi: tumia matofali ya mfinyanzi uliochanganywa na maganda ya karanga yaliyopondwa, kisha uyachome. Maganda huteketea na kuacha vitundu vya hewa vinavyozuia joto kupotea. Nyuma ya matofali hayo jaza majivu makavu.

Vipimo vizingatiwe. Mdomo wa kuni uwe sentimita 12 kwa 12, na njia ya moto ipande sentimita 36. Weka kichanja cha chuma mdomoni. Kuni zikae juu yake, hewa ipite chini. Kati ya kitako cha sufuria na njia ya moto acha sentimita 3, na kuzunguka ubavu wa sufuria sentimita 1.5. Njia ikibanwa popote, moshi hurudi ndani.

Udongo mzito hutumika baada ya sufuria. Hewa ya moto ipitishwe ndani ya baraza fupi ya udongo, lisilozidi mita 2, ndipo itoke kwa bomba lililopanda juu ya paa. Baraza hilo hupata joto polepole na kulitoa polepole, hata moto ukishazimika. Bomba lisiguse nyasi wala mbao, na sufuria ikiondolewa tundu lifunikwe kwa bati nene. Hata hivyo, acha dirisha wazi kidogo wakati wote moto unapowaka.

Tumia kuni kavu, zilizopasuliwa nyembamba, ukizisogeza kadiri ncha zinavyoungua.

Mkakati wa Taifa umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa kaya ambazo bado zinategemea kuni, kila mzigo unaookolewa ni mwendo uliopunguzwa kwa mama na watoto, na ni mti uliobaki katika ardhi yetu kame. Kabla ya kujenga, mwananchi anashauriwa kumwona Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake.